Montessori: Daktari aliyeanza na beseni la maji na kitambaa cha pua

WAZEE wetu wa Kudhaa waliijua lira. Mwaka 1925 Waingereza walipoikabidhi Jubaland kwa Italia, visiwa vya Wabajuni navyo vilikwenda pamoja nayo, na hadi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia samaki wetu waliuzwa kwa fedha hiyo. Sisi tuliozaliwa baadaye tuliisikia tu katika hadithi za mabibi.

Lira ya Italia nayo ilikufa mapema mwaka 2002, nchi hiyo ilipohamia kwenye euro. Lakini katika miaka yake ya mwisho, kuanzia 1990, noti ya lira elfu moja ilibeba picha ya bibi mmoja mwenye mvi na uso wa upole, na upande wa nyuma watoto wakiwa wameshughulika na masomo. Bibi huyo ni Maria Montessori.

Tuliokulia ukimbizini Mombasa tulilijua jina lake kabla ya kuijua sura yake. Lilikuwa, na lingali, kwenye vibao vya shule za chekechea mjini, na mimi kwa muda mrefu nilidhani ni jina la kampuni. Hivi karibuni mama mmoja anayevuka mpaka na bidhaa za nguo alikuja kuniuliza kama chekechea yetu ya hapa kisiwani ni ya Montessori kama zile za Mombasa. Anataka kumwacha mwanawe wa miaka minne anapokuwa safarini. Nikamjibu haraka kwamba sisi hatuna vile vifaa vya mbao vya bei kubwa. Alipoondoka nilijuta. Jibu langu lilikuwa la mtu asiyejua kazi ya mama huyu wa Kiitaliano ilianzia wapi.

Alizaliwa Agosti 31, 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya fedha, mtu wa mila. Mama yake, Renilde Stoppani, alikuwa mpenda vitabu na ndiye aliyemuunga mkono binti yake katika kila jambo. Familia ilihamia Roma mwaka 1875.

Wakati huo msichana mwenye akili alitarajiwa kuwa mwalimu basi, na baba alitaka hivyo hivyo. Maria aliingia shule ya ufundi akiwa na miaka 13, akifikiria uhandisi, kisha akageuka na kutaka udaktari. Chuo Kikuu cha Roma hakikumfungulia mlango kwa urahisi. Alipoingia, ilionekana ni aibu mwanamke kupasua maiti mbele ya wanaume, hivyo akapangiwa kufanya kazi hiyo peke yake, saa za jioni, wenzake wakishaondoka. Julai 1896 alihitimu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Italia kupata shahada ya udaktari.

Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili mjini Roma, ambako watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa pamoja na watu wazima, bila kitu cha kushika wala cha kuchezea. Kwa watoto hao alianza kujaribu vifaa vya kufundishia vilivyobuniwa na madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin. Mwaka 1900 akawa mmoja wa wakuu wa taasisi ya kuwafunza walimu wa watoto wa aina hiyo. Wakati huohuo alikuwa akifundisha somo la usafi na afya katika chuo cha walimu wa kike. Jambo hili la mwisho waandishi wengi hulipita mbio, nami naomba msomaji alishike, kwa maana mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa usafi kabla hajawa mwalimu wa watoto wadogo.

Mkuu mwenzake katika taasisi hiyo alikuwa Dkt Giuseppe Montesano. Walipendana, na Machi 31, 1898, Maria alijifungua mtoto wa kiume, Mario. Hawakuoana. Kwa mwanamke wa tabaka lake, kujulikana na mtoto nje ya ndoa kungekuwa mwisho wa kazi, na mtoto akapelekwa mashambani kulelewa na familia nyingine. Mwaka 1901 Montesano akaoa mke mwingine, naye Maria akaiacha taasisi. Alikuwa akimtembelea mwanawe, lakini hakuwa mama kwake. Tutarudi kwa Mario.

Sasa tufike San Lorenzo. Mwishoni mwa karne ya 19 Roma ilijengwa kwa pupa, kisha mabenki yakaanguka, na mtaa huo ukaachwa na majumba ambayo hayajamalizika, mengine hayana milango wala madirisha. Maskini wakahamia humo, familia juu ya familia. Wenzangu mliorudi na kupata hifadhi katika magofu ya Kismayo hamhitaji kuelezwa zaidi.

Kampuni moja ya majumba, chini ya mhandisi Edoardo Talamo, iliyachukua majengo hayo na kuyakarabati. Familia za wafanyakazi zikapangishwa, mara ikazuka shida. Wazazi waliondoka alfajiri kwenda vibaruani, watoto wakubwa wakaenda shule, na wadogo wakabaki wenyewe kutwa. Walichora kuta, wakabandua chokaa, wakachafua ngazi. Talamo akapiga hesabu akaona kwamba fedha za kukarabati kuta zingetosha kumlipa mtu wa kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja. Kwa hiyo chekechea iliyokuja kusifiwa dunia nzima ilianzishwa ili kuokoa chokaa. Mimi naipenda habari hiyo. Wafadhili wanaotujia na maneno makubwa juu ya mustakabali wa watoto wangefaa kuisikia.

Montessori akaombwa aisimamie. Januari 6, 1907, katika nyumba nambari 58 ya Via dei Marsi, ilifunguliwa Nyumba ya Watoto ya kwanza, ikiwa na watoto wapatao hamsini wa kati ya miaka miwili na saba. Walikuwa watoto wakali na wenye woga, wengine wakilia, wengine kimya kabisa, na afya zao zikionyesha njaa. Msimamizi wao wa kila siku hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa binti wa bawabu wa jengo hilohilo.

Tungetarajia daktari aanze kwa kuleta herufi. Alianza kwa kuleta mizani. Kila mtoto alikuwa na kumbukumbu yake. Uzito ulipimwa kila wiki na urefu kila mwezi, na mtoto aliyekwama au kupungua alijulikana mapema, kabla hajaanguka. Chakula chake kilimshughulisha kiasi kwamba katika kitabu chake cha 1909, kile kilichotangaza njia yake duniani, aliandika sura nzima juu ya kinachomfaa mtoto mdogo na kisichomfaa.

Halafu usafi. Asubuhi watoto walipoingia, msimamizi alikagua pamoja nao mikono, kucha, shingo, masikio, meno na nywele. Shabaha ilikuwa mtoto ajifunze kujitazama mwenyewe na kuona kwamba kifungo kimekatika au mkono una matope. Montessori alijua kuwa kumwogesha kila mtoto kila siku hakuwezekani katika chumba kile. Akaagiza meza fupi za kunawia, na juu yake magudulia na mabeseni madogo ambayo mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyainua, sabuni na burashi ya kucha. Mtoto alifundishwa kunawa kwa maji kidogo, kiungo baada ya kiungo. Msomaji Mwislamu atatabasamu hapa. Sisi ambao maji yetu matamu ni ya kuhesabu tumekuwa tukiwafundisha watoto udhu kwa kata moja ya maji miaka yote, lakini katika chekechea nyingi nilizozitembelea, birika lipo msikitini na chumba cha watoto hakina hata kopo.

Nakumbuka mahali pamoja ukimbizini palipokusanywa watoto wadogo, sitapataja. Palikuwa na pipa la maji na kikombe kimoja cha bati kilichofungwa kwa kamba ili kisiibiwe. Tulikunywa sote kwa kikombe hicho, wenye mafua na wasio na mafua, na mmoja alipoharisha tulifuatana kama mashua zinazotoka bandarini. Kikombe kililindwa vizuri sana.

Siku moja Montessori aliamua kuwapa watoto wa San Lorenzo somo la kupenga kamasi. Aliwaonyesha kitambaa, jinsi ya kukikunja, jinsi ya kupenga taratibu bila kelele na kukificha. Alifanya kwa mzaha kidogo, akitarajia wacheke. Hawakucheka. Walimfuatilia kimya, na alipomaliza wakampigia makofi, na alipoondoka walimfuata kwa msafara hadi mlangoni. Ndipo alipofahamu kuwa watoto hawa walikuwa wamegombezwa na kudharauliwa kwa sababu ya pua zao tangu wajijue, na hakuna mtu aliyewahi kuketi nao akawaonyesha namna ya kuzisafisha.

Katika usalama pia alikuwa na msimamo wake. Aliondoa madawati mazito ya mbao na chuma yaliyomkaza mtoto mahali pamoja, akaleta viti na meza nyepesi ambazo watoto wawili wanaweza kuzibeba. Kabati zilikuwa fupi. Lakini hakuondoa kila kitu kinachovunjika. Watoto walibeba sahani za kweli na bakuli za supu, wakiandaa meza wenyewe, kwa imani kwamba aliyefundishwa kutembea na bakuli la moto hatalimwaga, na aliyelindwa nalo daima siku moja litamuunguza. Hapo mimi naafikiana naye nusu. Bakuli sawa, mtoto ataangusha, atajifunza. Kisima kisicho na kifuniko si somo. Maji ya pwani wakati bamvua linajaa si somo pia. Nadhani hata yeye, ambaye nyumba yake ilikuwa na ua wenye kuta, hakulazimika kulifikiria hilo.

Kanuni za Nyumba ya Watoto zilibandikwa ukutani, na ziliwabana watu wa pande zote. Wazazi hawakutozwa karo. Badala yake walitakiwa kuwaleta watoto wakiwa safi, na aproni safi, kumheshimu msimamizi, na mama kufika walau mara moja kwa wiki kuzungumza naye juu ya mtoto. Kwa upande wake, msimamizi alipaswa kuishi katika jengo hilohilo, miongoni mwa wapangaji, mlango wake ukiwa wazi kwao. Na daktari alikuwepo. Ukizisoma leo, karibu kila kitu ambacho maafisa wa elimu huorodhesha kama viwango vya afya na usalama vya chekechea kimo mle.

Kimo pia kimoja kinachonisumbua, kwani mtoto aliyeletwa hajaoga au na nguo chafu aliweza kufukuzwa. Katika jengo lililokarabatiwa na kuwekewa maji, huenda kanuni hiyo ilikuwa ya haki. Kwetu, ambako mama hurudi kisimani na mtungi mmoja wa kupikia, kunywa na kufulia, kumfukuza mtoto kwa uchafu ni kumwadhibu kwa umbali wa kisima. Nafuu chekechea iweke pipa na beseni mlangoni, mtoto aingie mchafu na kukaa safi. Kumrudisha nyumbani tumrudishe mwenye homa na vipele, maana surua haisubiri, na chumba kimoja chenye mtoto mmoja wa surua kinatosha kuwaumwisha wote wasiochanjwa.

Nyumba ya pili ilifunguliwa Aprili mwaka huohuo wa 1907, na nyingine zikafuata. Lakini kwangu mimi, mtihani wake mkubwa ulikuja baada ya Desemba 28, 1908, mtetemeko wa ardhi ulipoibomoa Messina, kusini mwa Italia, na kuua makumi ya maelfu ya watu. Watoto wapatao sitini, waliookotwa katika vifusi na wengi wao hawajulikani hata majina, waliletwa Roma kwenye nyumba ya watawa wa Kifransisko katika mtaa wa Via Giusti. Walikuwa hawasemi. Kuwalisha kulikuwa shida na kuwalaza kulikuwa shida, na usiku walipiga mayowe.

Hakuwapa hotuba. Waliandaliwa chumba chenye samani ndogo za rangi za kupendeza, maua mezani, nguo nzuri, bustani, wanyama wa kufuga. Walifundishwa kuandaa meza, kutandika vitanda vyao, kuosha vyombo, kila jambo kwa saa yake na kwa utaratibu uleule kesho na keshokutwa. Hamu ya kula ikarudi, usingizi ukarudi, na baada ya muda watawa wakaanza kusikia vicheko bustanini.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliiweka chini. Mwaka 1992, nikiwa na miaka tisa, tulitoka visiwani kwa mashua tukiwa tumelaliana, na ndugu yangu mdogo wa kiume hakusema neno kwa miezi mingi baada ya kufika. Wakubwa walisema ni upepo, wengine walisema ameingiwa na jini, na aliyekuwa na kiboko alijaribu kiboko. Leo tuna watoto waliorudi kutoka kambini ambao hushtuka mlango ukibamizwa. Wengine hukojoa wanapopazwa sauti. Kwa watoto hao fimbo mkononi mwa mwalimu ni kitu cha hatari katika chumba, sawa na msumari uliochomoza ukutani.

Mwaka 1917, Ulaya ikiwa vitani, Montessori alipendekeza kuundwa kwa Msalaba Mweupe, shirika la kuwatunza watoto waliojeruhiwa nafsi na vita kama Msalaba Mwekundu ulivyowatunza askari. Halikusimama.

Mama yake alifariki Desemba 1912. Muda mfupi baadaye Mario, akiwa kijana wa miaka kama 15, alikuja kuishi naye. Kwa miaka mingi alimtambulisha kwa watu kama mpwa wake, ingawa alikuwa ndiye msaidizi wake wa karibu kuliko wote. Wapo wanaomlaumu kwamba alijenga jina lake kwa watoto wa watu wengine huku wake akilelewa na wengine. Mimi sina ulimi wa kulaumu. Nusu ya akina mama wanaoniletea watoto wako Dhobley au Kiunga wakitafuta riziki, na wengine waliwaacha watoto kwa bibi Mombasa miaka kumi.

Umaarufu ulifika Marekani, Uhispania, Uholanzi, Uingereza. Mwaka 1924 alikutana na Mussolini, na serikali ya Kifashisti ikazipa nguvu shule zake. Tuseme wazi kwamba ndiyo serikali iliyotutawala sisi kuanzia mwaka uliofuata, na katika fadhila ilizompa mama huyu hakuna iliyofika visiwani. Uhusiano huo ulivunjika mwaka 1934 na shule zikafungwa. Kwa Hitler pia zilipigwa marufuku na vitabu vyake vikachomwa moto. Mwaka 1936 vita vya Uhispania vilimkuta Barcelona, akaondoka kwa manowari ya Kiingereza akiwa na umri wa miaka 65. Akakimbilia Uholanzi.

Mwaka 1939 alikwenda India na Mario kufundisha walimu kwa miezi michache. Wakakaa hadi 1946. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Waingereza waliwahesabu Waitalia wote kuwa maadui, na Mario akatiwa kizuizini. Agosti 31 mwaka huo, Maria alipotimiza miaka 70, serikali ya Kiingereza huko India ilimwachilia Mario kama zawadi ya siku hiyo, na katika taarifa yake ikamwita mwanawe. Ilikuwa imechukua miaka 42 neno hilo kutamkwa hadharani. Huko India alifunza walimu zaidi ya elfu moja, na ndiko alikogeukia zaidi malezi ya mtoto mchanga.

Alirudi Ulaya, akapendekezwa mara tatu kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, 1949, 1950 na 1951, bila kuipata. Mei 6, 1952, alikuwa Noordwijk, pwani ya Uholanzi, akizungumza na Mario juu ya safari ya kwenda kufundisha walimu Afrika, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mario alimwambia afya yake hairuhusu. Alifariki siku hiyohiyo, akiwa na miaka 81, akazikwa huko huko.

Jina lake halina mwenyewe. Katika nchi nyingi yeyote anaweza kulipaka rangi kwenye kibao, na wengi wamefanya hivyo kwa sababu linaongeza karo. Nimeingia katika chekechea moja yenye jina hilo, vifaa vya mbao vikiwa vimefungiwa kabatini visichafuke, na choo kimoja cha shimo kwa watoto themanini, tundu lake likiwa kubwa kuliko mtoto. Nako Nakuru, katika kambi ya New Canaan ya waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, walimu walifunzwa njia yake miongoni mwa wakimbizi wenyewe ili wawalee watoto wao.

Yule mama wa nguo alirudi wiki iliyopita pamoja na mwanawe. Nilikuwa nimejiandaa kumpa habari zote hizi za Roma na Messina. Hakuniuliza chochote. Alikwenda moja kwa moja kisimani akajaribu kifuniko kama mtoto anaweza kukisukuma, akachungulia chooni, akauliza nani hubaki na watoto mimi nikiwa na homa, kisha akamwonyesha mwanawe lilipo beseni.